Shtaka Dhidi ya Dini Ufipa Halisimami

Kuna shtaka linalorudiwa Mazwi, kwenye mitaa mingine ya Sumbawanga na vijijini kote Ufipa, na wanaolirudia huongea kana kwamba hukumu ilishatoka: dini ndiyo iliyoichelewesha Ufipa. Mnalijua vizuri, kwa hiyo sitalisimulia lote. Tangu Mapadre Weupe walipokabidhiwa kituo cha Karema na Wabelgiji mwaka 1885, wanasema, watu wa nyanda hizi wamefundishwa kutii na kungoja. Wakaacha ufundi wao wa chuma, hofu ya uchawi ikabaki palepale, mabinti wakabanwa, na hadi leo sheria njema hukwama kwa sababu viongozi wa dini hawazitaki. Nimeisikiliza hoja hii kwa miaka mingi na nimesoma vitabu inavyoviegemea. Naomba wasomaji mkae kama wazee wa baraza. Kila dai nitalitaja kwa nguvu yake yote kabla ya kulijibu, kisha mpime wenyewe.

Tuanze na utii, kwa sababu madai mengine yote yamesimama juu yake. Washtaki wanasema dini ililetwa ili kuwatuliza watawaliwa, na wana ushahidi wa kuonyesha. Karema ya mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa karibu himaya ndogo. Mapadre waliamua kesi, waligawa ardhi, walikuwa na walinzi wenye bunduki, na vijiji vya misheni vilijazwa na watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, watoto ambao hawakuulizwa wanataka kuishi wapi. Hayo yote ni kweli na siyapunguzi hata neno.

Lakini dai lenyewe ni pana kuliko Karema. Linasema dini, yaani dini yoyote, hulaza watu. Basi tuvuke mpaka kidogo tu hadi Abercorn, ambayo leo ni Mbala, kwa jirani zetu Wamambwe. Wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vinaelekea mwisho, Hanoc Sindano na wenzake walirudi kwao kutoka Rhodesia ya Kusini wakiwa na mafundisho ya Watch Tower. Walibatiza watu wazima kwa kuwazamisha majini, wakahubiri kwamba utawala wa Wazungu unafika mwisho wake, wakawaambia watu wasiwatii machifu waliokuwa wakitumikia serikali. Hawakuwa na silaha. Walikuwa na Biblia, ubatizo na watu waliochoshwa na kazi za kulazimishwa za upagazi wa vita. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwakamata kwa wingi na kuwafunga. Miaka 14 kabla ya hapo, kusini mwa nchi, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu wa makabila mbalimbali maji yenye nguvu ya imani, na Wajerumani wakamnyonga Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita vya Maji Maji kuanza. Kama dini ni dawa ya usingizi, watawala wa Kijerumani na wa Kiingereza walikuwa na sababu gani ya kuwanyonga na kuwafunga wanaoigawa?

Washtaki hujibu kwamba hizo hazikuwa dini rasmi. Angalieni jibu hilo linafanya nini. Shtaka lilikuwa juu ya dini. Sasa limepunguzwa likawa juu ya dini ile tu iliyokubaliana na serikali. Ukishaondoa kwenye hesabu kila imani iliyoleta vurugu, zitakazobaki ni tulivu, na hakuna atakayeshangaa. Huo haujawa uchunguzi. Na hata katika dini hiyo rasmi, mshtaki anayeitaja Karema analazimika kumtaja Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889, akatibu watu wa ufuko wa Tanganyika na wa Ufipa mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 ya mtu mweusi, aliyewahi kuwa mtumwa, akiwa ndiye daktari wa eneo zima katika zama ambazo utawala wa kikoloni haukuwa na nafasi ya Mwafrika wa cheo hicho. Washtaki wanawataja watoto waliokombolewa kuwa ni ushahidi wa unyonge. Mmoja wao ni huyu.

Dai la pili naliheshimu zaidi, na nitakaa nalo. Ni kwamba dini iliua chuma cha Ufipa. Walioona malungu, zile tanuru ndefu za udongo kupita kimo cha mtu ambazo magofu yake bado yamesimama kwenye baadhi ya mashamba yetu, wanajua uzito wa jambo hili. Tanuru ile ilivuta hewa yenyewe bila mivuo, ikawashwa mchana na usiku, kisha chuma chake kikasafishwa upya kwenye tanuru ndogo, kitengwe, kwa mivuo, ndipo mhunzi akafua jembe. Kazi yote ilifungwa ndani ya miiko na dawa. Fundi mkuu alikuwa na kapu lake la dawa, alijitenga na mkewe, na tanuru mpya ilipokewa kwa sherehe ya harusi. Hoja ya washtaki ni rahisi kufuata: misheni ilipiga vita dawa hizo, dawa zikafa, na ufundi uliokuwa umefungamana nazo ukafa pia.

Ingekuwa hoja nzuri kama matukio yangekubaliana nayo. Mwaka 1914 padre Wyckaert, mmoja wa Mapadre Weupe waliofanya kazi huku, alichapisha katika jarida la Anthropos makala juu ya wahunzi wa Tanganyika, na kichwa chake kinataja makundi mawili: wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo. Naomba mkipime hicho. Takriban miaka 30 tangu misheni ifike, padre mwenyewe anashuhudia kwamba wako watu waliobatizwa na bado wanafanya kazi ya chuma, ila wameweka sala mahali pa dawa. Ufundi ulikuwa umeshavuka daraja ambalo washtaki wanasema uliangukia hapo. Na mwaka 1937 R. C. H. Greig aliweza kuieleza kazi ya kuyeyusha chuma cha Ufipa katika Tanganyika Notes and Records, nusu karne baada ya Karema. Dini gani hiyo inayoua kitu mwaka 1885 halafu kikaendelea kupumua hadi miaka ya 1930?

Kilichokiua chuma chetu kina majina mengine. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalifika kwa bei ambayo fundi wa malungu hakuweza kushindana nayo, kwa sababu yeye alihitaji mkaa wa miti mingi, mawe ya chuma yaliyochimbwa kwa mkono, na vijana wengi kwa wiki kadhaa. Vijana hao kodi ya kichwa ilikuwa imeshawapeleka kutafuta fedha kwenye mashamba ya mkonge na migodini Rhodesia ya Kaskazini. Kodi ilitozwa na serikali, majembe yaliletwa na wafanyabiashara. Mshtaki anayemwelekezea padre kidole amewaacha wote wawili waondoke barazani bila kuulizwa swali hata moja.

Hapa lazima niwageukie pia watu wa upande wangu, maana wamo wanaoitetea dini kwa kusema kwamba kabla ya misheni Ufipa ilikuwa gizani, na kila jema lilianzia Karema. Hilo nalo ni uongo, na linawapa washtaki nguvu wasiyostahili. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1880, miaka mitano kabla ya mapadre, aliandika juu ya nchi yenye amani, wakulima hodari na wafumaji wa nguo za pamba. Falme za Nkansi na Lyangalile zilikuwepo. Milansi, kiti cha kale cha mila, kilikuwa kimeshapatana na ukoo wa Watwa juu ya nani atawale na nani abaki na heshima ya nchi, jambo ambalo Roy Willis aliliandikia kitabu kizima mwaka 1981. Kilimo cha matuta ya ntumba, ambapo majani hufukiwa yaoze yawe mbolea, hakikufundishwa na mmisionari yeyote. Ufipa ilikuwa inabadilika kabla ya msalaba. Dini mpya ilikuta watu waliozoea kuchukua kitu kigeni na kukipangia mahali pake.

Na ndivyo walivyofanya, wanawake hasa. Washtaki wanasema Ukatoliki ulimbana mwanamke: ulimfunga katika ndoa isiyovunjika na kumkalisha chini ya padre mwanamume. Sehemu ya maneno hayo inabaki kweli, kwani madaraka ya juu ya Kanisa hayajawahi kuwa mikononi mwa wanawake. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Askofu Adolphe Lechaptois, wasichana wa nyanda hizi walianza kwenda Karema kuomba utawa. Fikirini maana yake katika nchi ambako binti alikuwa mahari ijayo, wajukuu wajao na mikono ya shamba. Msichana akikataa kuolewa, ukoo mzima ulihisi umeibiwa. Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya familia za Nkansi, ameonyesha jinsi wazazi walivyopinga, kisha taratibu wakakubali, hata kuwa na mtoto sista ikawa heshima ya ukoo. Wasichana wale walisoma, wakawa walimu na wauguzi, na shirika lao la Maria Malkia wa Afrika lipo hadi leo. Washtaki hawajawahi kutaja njia nyingine yoyote, nje ya dini, ambayo msichana wa Nkansi wa wakati ule angeweza kupita ili awaambie wazee wake hapana na jamii ikaishia kumheshimu. Kama ipo, waitaje.

Sasa uchawi. Hapa washtaki huinua sauti, na wana haki ya kuiinua, kwa sababu damu imemwagika. Wazee wa watu wameuawa kwa kushukiwa, na watu wenye ualbino wameshambuliwa na kukatwa viungo katika mkoa huu. Wanauliza: baada ya karne nzima ya katekisimu, mbona hofu bado ipo? Wanakumbusha Kamchape. Mwaka 1963 na 1964 wasaka wachawi walizunguka vijiji vya Ufipa, wakaitwa na wanakijiji wenyewe, Wakatoliki waliobatizwa wakasimama foleni wachanjwe dawa. Ushahidi gani zaidi wa kushindwa kwa dini?

Someni makala ya Willis ya mwaka 1968 juu ya Kamchape, ile ile wanayoitaja, na muisome hadi mwisho. Anaeleza kwamba waliosukuma Kamchape iingie vijijini walikuwa hasa vijana, na waliotuhumiwa walikuwa mara nyingi wazee wenye mamlaka. Uhuru ulikuwa umepatikana mwaka 1961. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu. Mpangilio wa nani amsikilize nani kijijini ulikuwa umelegea, na vijana walitumia lugha waliyoijua, ya dawa na utakaso, kudai kijiji kipya kisicho na siri za wazee. Siitetei Kamchape. Iliwadhalilisha watu wasio na hatia, na warithi wake, wapiga ramli chonganishi, bado wanagombanisha jirani na jirani. Ila anayetaka kutumia tukio hilo kuonyesha kwamba imani huzuia mabadiliko amechagua mfano ambao imani ndiyo ilikuwa chombo cha vijana kuupindua utaratibu wa kale. Mabadiliko yanaweza kuwa mabaya. Kuwa mabaya hakuyafanyi yasiwe mabadiliko.

Kuna kasoro kubwa zaidi. Sheria ya Uchawi ilitungwa na Waingereza mwaka 1928, na Tanganyika huru ikaibakiza. Polisi wamekuwepo, mahakama zimekuwepo, shule za serikali zimekuwepo, chama kimekuwa na mabalozi kila nyumba kumi. Hofu ya uchawi imepita katikati ya vyote. Ikiwa kushindwa kuing'oa hofu hiyo ni ushahidi kwamba dini inakwamisha jamii, basi polisi, mahakama na shule zinakwamisha jamii kwa ushahidi uleule. Hakuna mshtaki niliyemsikia akikubali hitimisho hilo. Tena, watu haohao katika pumzi ya kwanza walisema dini ina nguvu mno hapa, imeshika akili za watu na hakuna jambo linalopita bila idhini yake. Katika pumzi ya pili wanasema ni dhaifu mno, karne nzima imeshindwa kubadili hofu moja. Baraza liwatake wachague dai moja, kwa sababu moja likithibitika, lingine linaanguka.

Juu ya miujiza nitakuwa mfupi. Ndiyo, mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa za hospitali wakafa. Ndiyo, mwaka 2023 msitu wa Shakahola, Kenya, ulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kifo. Anayeitaja dini bila kutaja haya si mkweli. Lakini foleni ya Loliondo ilikuwa na vigogo wa serikali ndani yake. Na ugonjwa wa korona ulipofika, aliyesema kwamba maombi yameumaliza alikuwa Rais wa nchi, Juni 2020. Waliosema kwamba ugonjwa upo na watu wajikinge, Januari 2021, walikuwa maaskofu wa Baraza la Maaskofu Katoliki. Machi mwaka huohuo katibu wao, Padre Charles Kitima, alitaja hadharani kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili. Katika shauri hili maombi yalitumiwa na dola, na tahadhari za kitabibu zikatoka kanisani. Washtaki walikuwepo wakati huo. Wengi wao walinyamaza.

Wengine wanadai viongozi wa dini hawana ujasiri wa kusema juu ya haki. Mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki walitoa waraka wa Kwaresima, na maaskofu wa Kanisa la Kilutheri, KKKT, wakatoa wa Pasaka, zote mbili zikizungumzia uhuru wa raia kubanwa. Msajili wa vyama akawaandikia KKKT waufute waraka wao ndani ya siku 10. Agosti 2023 maaskofu Wakatoliki walitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari, na ghafla sauti zilezile zilizokuwa zikilalamika kwamba Kanisa limelala zikasema Kanisa liache siasa. Nyerere aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1970, alipozungumza na masista wa Maryknoll kule New York, aliwaambia kwamba Kanisa lisiloshiriki kupigana na unyonge wa watu litahesabiwa kuwa upande wa wanaowanyonya. Unaweza kukubaliana na waraka huu na kuupinga ule. Huwezi kuilaumu taasisi moja kwa kunyamaza na kwa kusema, kisha ukaita lawama zote mbili hoja moja.

Nimeliacha la ndoa za utotoni mwisho kwa sababu linawagusa watoto wetu leo, na kwa sababu hapo ndipo shtaka linapotumiwa kwa faida ya mtu mwingine. Linasema: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 bado inamruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama, kwa sababu viongozi wa dini hawataki ibadilishwe. Wapo viongozi waliopinga, hasa wanaotaja baleghe kama kipimo. Sitawatetea. Binti wa miaka 15 wa Mtowisa au Laela anatakiwa awe darasani, na kiongozi wa dini anayesema vinginevyo anakosea.

Lakini fuateni faili lenyewe. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika kesi ya Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, na ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali haikurekebisha. Ilikata rufaa, na mbele ya majaji ikatumia mila na sheria ya Kiislamu kuwa sababu ya kuvibakiza vifungu hivyo. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Zaidi ya miaka mitatu baadaye wizara ilikuwa bado inaeleza kwamba inakusanya maoni ya wadau, viongozi wa dini wakiwemo. Sheria hii ilitungwa na Bunge, na Bunge ndilo lenye uwezo wa kuibadili. Maoni ya shehe au askofu hayana kura hata moja ndani ya ukumbi wa Dodoma. Anayesimama Mazwi akasema dini ndiyo inayomwoza binti yule anaibeba kwa hiari yake sababu ileile iliyokataliwa na majaji wa Rufani, na anaibeba kwa niaba ya aliyeipeleka pale. Rufaa ile ilikatwa na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hakuna padre, mchungaji wala shehe aliyeisaini.